Saa Kumi na Dakika Ishirini

Nyumba ya wazazi wangu iko South C, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kiasi kwamba vikombe hutetema kabatini ndege nzito inapopaa, na mtu aliyeishi pale miaka ya kutosha hutambua kwa sikio tu kama iliyopita ni Cessna inayopeleka watalii Maasai Mara au ni ndege ya miraa inayowahi soko la Mogadishu. Mama hainui hata uso. Husema kwamba ndege ni kama jirani mwenye kelele: ukishamzoea, siku asiposikika ndipo unapouliza kuna nini.

Alhamisi ya tarehe 17 Julai 2014 ilikuwa Ramadhani, nasi tulikuwa tumekaribia kumi la mwisho. Kulikuwa na ile baridi ya Julai inayowafanya watu wa Nairobi wavae makoti hata ndani ya nyumba. Mama alikuwa jikoni na kaimati zake, dada yangu akikoroga uji wa pilipili manga, nami, ambaye riziki yangu hutokana na kuhariri na kutafsiri maandishi ya watu, nilikuwa nimeketi mbele ya runinga nikingoja adhana ya Magharibi. Tulikuwa tumekwisha kufuturu, vyombo bado vimetapakaa mkekani, mtangazaji alipokatiza kipindi na kusema kwamba ndege ya abiria ya Malaysia imepata ajali mashariki mwa Ukraine, na kwamba inahofiwa hakuna aliyenusurika miongoni mwa watu karibu 300. Baadaye taarifa ikaongezwa nyama: ndege hiyo ilidhaniwa kuwa imetunguliwa kwa kombora. Hata hivyo maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya kioo yaliendelea kusema "ajali ya ndege" mpaka tulipoondoka kwenda tarawehe.

Mama ndiye aliyelikataa neno hilo. "Embe likitunguliwa," alisema, huku akiendelea kufunika viazi karai vilivyobaki, "husemi limeanguka. Unauliza ni nani aliyelirushia jiwe."

Usiku ule niliyachukua maneno yake kama mzaha wa mtu wa Mombasa anayekumbuka miembe ya kwao. Lakini kazi yangu ni maneno, na tangu siku ile kila ninapokutana na "ajali" katika habari ya ndege iliyopigwa vitani, kalamu husita. Ajali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni muda uliokadiriwa, ile siku ambayo mja ameandikiwa. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga, na ndiyo maana neno lenyewe hufariji, kwa sababu humwondoa binadamu katika tukio na kumwachia Mungu. "Kutungua" halina faraja hiyo. Hata likiwekwa katika kauli ya kutendwa bado linamngoja mtendaji wake: ukisema embe limetunguliwa, msikilizaji atauliza limetunguliwa na nani. Tena lugha yetu, iliyolipa dege la chuma jina lilelile la kiumbe mwenye manyoya, hailazimiki kubadili neno hata moja inapotoka kwa mtoto mwenye manati na kumwendea askari mwenye mtambo wa makombora. Ndege ni ndege, na kutungua ni kutungua.

Ripoti ya Bodi ya Usalama ya Uholanzi juu ya ndege hiyo ilitolewa Oktoba 2015, na niliisoma kwa wiki kadhaa, kidogo kidogo, kama mtu anayekula chakula asichokipenda. Ilikuwa Boeing 777, safari namba MH17, kutoka Schiphol kwenda Kuala Lumpur. Ilibeba abiria 283 na wafanyakazi 15, jumla watu 298, na kati yao Waholanzi walikuwa 196. Tiketi za safari ile ziliuzwa pia na KLM kwa namba yake yenyewe, na kwa mtu wa Nairobi jambo hilo linaisogeza habari karibu, kwa kuwa Schiphol ndicho kituo ambacho jamaa zetu wengi huteremka wakiwa wamevimba miguu, wakatafuta lango la ndege ya pili wanayoiunganisha. Kuna jambo jingine dogo lililonishtua. Wakati wa kiangazi Ukraine hutumia saa ileile tunayoitumia sisi, kwa hiyo nyakati za ripoti, zikishatolewa kwenye saa za kimataifa, huwa ni nyakati zetu pia. Ndege ilipaa saa saba na nusu hivi mchana. Kinasa sauti chake kilikoma saa kumi na dakika ishirini na sekunde tatu jioni, wakati mama alikuwa akikanda unga.

Katika dakika zile za mwisho hakuna kilichokuwa nje ya kawaida. Marubani walikuwa wameomba kusogea kushoto kidogo ili kukwepa wingu baya. Walikuwa wameulizwa kama wanaweza kupanda kutoka futi 33,000 hadi 35,000 wakajibu kwamba hawawezi, wakaendelea kwa kimo kilekile. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa Dnipro akawapa maelekezo ya kituo cha mbele, nao wakayarudia kama ilivyo desturi ya kazi yao. Sekunde chache baadaye aliwaita tena na hakujibiwa. Akaita na kuita. Hakuna neno lolote la hatari lililotoka ndani ya ndege ile.

Kombora la aina ya Buk halihitaji kuigusa ndege. Hulipuka likiwa jirani yake, na kichwa chake, ambacho katika tukio hili kilikuwa cha uzito wa kilo 70, hutawanya maelfu ya vipande vya chuma vilivyokatwa maalumu kwa ajili ya kutoboa. Lile la MH17 lililipuka kushoto, juu kidogo ya chumba cha marubani. Sehemu ya mbele ya ndege ilikatika, na kiwiliwili kilichobaki kikaendelea kwenda mbele kwa kilomita kadhaa bila kichwa kabla ya kusambaratika juu ya mashamba ya ngano na alizeti karibu na kijiji cha Hrabove. Wachunguzi walivikuta baadhi ya vipande hivyo, vyenye umbo la tai ndogo ya shingoni, ndani ya miili ya watu waliokuwa mbele. Mabaki yalikusanywa, yakapelekwa Uholanzi kwa malori, na sehemu ya mbele ikaundwa upya juu ya kiunzi cha chuma katika kambi ya anga ya Gilze-Rijen, hata mtu akisimama mbele yake aone matundu yalipoingilia.

Hayo ndiyo maelezo ya jiwe. Kinachonikosesha usingizi ni mti wenyewe, yaani namna ndege ya abiria ilivyokuwa pale hata ikaweza kupigwa.

Vita vya Donetsk na Luhansk, mikoa ya mashariki mwa Ukraine ambako wapiganaji walioungwa mkono na Urusi walikuwa wakipigana na jeshi la serikali, vilikuwa tayari vya anga kwa miezi kadhaa. Mwezi Juni ndege ya kijeshi ya Ukraine aina ya Ilyushin 76 ilitunguliwa ikitaka kutua Luhansk, wakafa watu 49. Tarehe 6 Juni mamlaka ya Ukraine ilizuia ndege za kiraia kupita chini ya futi 26,000. Tarehe 14 Julai ndege nyingine ya kijeshi, aina ya Antonov 26, ilipigwa ikiwa katika kimo ambacho silaha za kubebwa begani hazikifikii, na siku hiyohiyo sakafu ya anga ikapandishwa hadi futi 32,000. Siku tatu baadaye MH17 ilipita katika futi 33,000, juu ya mstari uliochorwa, kwa tofauti ya futi 1,000. Futi 1,000 ni kama mita 305. Jengo letu la KICC lina mita 105, kwa hiyo yapange matatu moja juu ya jingine na utakuwa umeipata nafasi yote iliyotenganisha anga iliyohesabiwa kuwa ya hatari na ile iliyohesabiwa kuwa salama, mbele ya kombora linaloweza kufika zaidi ya mara mbili ya kimo hicho.

Isidhaniwe kwamba Malaysia Airlines peke yake ndiyo iliyozembea. Kati ya tarehe 14 na 17 Julai, mashirika 61 kutoka nchi 32 yalipitisha ndege zake katika anga ile, na siku ya tukio lenyewe zilikuwa zimepita ndege 160 kabla haijafungwa. Kila mmoja alimtazama mwenzake akapita. Sisi tunaovuka Barabara ya Lang'ata kwa kufuata mgongo wa aliyetangulia tunaijua vizuri hesabu hiyo.

Sheria nayo imekaa namna ambayo bado naiona ya ajabu. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa anga duniani, unasema katika ibara yake ya kwanza kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na katika ibara ya tisa unaipa nchi hiyo haki ya kuifunga. Kwa maneno mengine, ufunguo wa mlango umeachwa mikononi mwa mwenye nyumba hata wakati nyumba inawaka moto na yeye yumo ndani akipigana. Lakini kufunga anga ni kukiri hadharani kwamba kuna sehemu ya nchi yako usiyoitawala tena, na ni kuacha ada ambazo kila ndege inayopita hulipa. Bodi ya Uholanzi ilisema wazi kwamba Ukraine ilikuwa na sababu za kutosha za kuifunga anga yote ya mashariki kwa tahadhari. Haikuifunga. Simlinganishi aliyeacha mlango wazi na aliyerusha kombora. Nasema tu kwamba walikuwapo wawili, na kwamba habari za magazeti humtaja mmoja.

Kumbe mambo haya si ya mbali nasi kama tunavyodhani. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina ofisi yake ya ukanda wetu Gigiri, ndani ya uzio wa Umoja wa Mataifa, na kwa miaka mingi baada ya serikali ya Somalia kuvunjika, ndege zilizopita juu ya nchi hiyo zilikuwa zikihudumiwa na watu walioketi hapa Nairobi, mpaka kazi hiyo iliporudishwa Mogadishu mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo mji huu uliwahi kukaa na ufunguo wa mbingu ya vita vya jirani, na wengi wetu tulipita barabara ya Limuru bila kujua.

Siku zile za mwanzo zilienea pia habari kwamba watafiti wa UKIMWI wapatao 100 walikuwamo ndani ya MH17, wakielekea mkutano wa kimataifa wa Melbourne. Idadi hiyo haikuwa ya kweli. Wajumbe wa mkutano walikuwa sita. Lakini mmoja wao alikuwa Joep Lange, daktari wa Amsterdam aliyewahi kuwa rais wa Jumuiya ya Kimataifa ya UKIMWI, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akidai kwamba dawa za virusi zifike Afrika wakati wakubwa wengi walisema haiwezekani. PharmAccess, shirika aliloliasisi, limefanya kazi Kenya hii hii. Naona aibu kukiri kwamba jina lake nililijua baada ya kufa, ilhali katika ukoo wetu wenyewe wapo waliozeeka kwa sababu vidonge hivyo vilifika.

Miili ilikaa juani kwa siku kadhaa kwa sababu eneo lilikuwa mikononi mwa wapiganaji. Kisha ikasafirishwa kwa garimoshi la mabehewa ya baridi hadi Kharkiv, na tarehe 23 Julai ya kwanza ikatua Eindhoven, Uholanzi ikiwa katika maombolezo ya taifa. Kati ya watu 298, waliotambuliwa ni 296. Wawili hawakupatikana hata kipande cha kuzika.

Kesi ilichukua miaka. Tarehe 17 Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani wakuu watatu wa wapiganaji wale, Igor Girkin, Sergey Dubinskiy na Leonid Kharchenko, kwa mauaji, ikawahukumu kifungo cha maisha bila wao kuwapo, na ikamwachia mwenzao wa nne, Oleg Pulatov. Mtambo wenyewe, kwa mujibu wa uchunguzi wa pamoja wa nchi tano, ulitoka katika kikosi cha 53 cha makombora cha jeshi la Urusi, chenye makao yake Kursk, nao ulirudishwa Urusi baada ya kurusha kombora moja. Urusi imekana tangu mwanzo. Katika hukumu ile nililitafuta jambo moja tu, nalo nikalipata: mahakama ilikubali kwamba huenda walidhani wanaipiga ndege ya kijeshi, lakini ikasema dhana hiyo haiwaondolei hatia, kwa kuwa hawakuwa na haki ya kisheria ya kutungua ndege yoyote, ya jeshi au ya raia. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Kisha nikampigia mama simu nikamtafsiria. Aliniuliza kama ndiyo kwanza majaji wamelijua hilo. Mei 2025 baraza la ICAO nalo liliamua kwamba Urusi ilikiuka wajibu wake chini ya mkataba, na Julai mwaka huohuo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaitia Urusi lawamani. Mama sikumpigia tena.

Ukizifuata ndege za aina hii nyuma na mbele, utaona kwamba wenye silaha wamekuwa mafundi wa maneno kuliko sisi wahariri. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, ilirusha makombora mawili katika Ghuba ikaipiga Airbus ya Iran Air iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai, wakafa watu 290, watoto 66 miongoni mwao. Marekani ilisikitika, na mwaka 1996 ikakubali kulipa dola milioni 61.8 kwa familia za Wairani waliokufa, lakini kosa halikukiriwa kisheria, na nahodha wa meli ile alikwisha kupewa nishani ya utumishi wake. Januari 2020 Iran yenyewe, iliyokuwa imelia kwa haki kabisa, iliitungua Boeing ya Ukraine muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Tehran, watu 176, na kwa siku tatu ikasema ni hitilafu ya mitambo. Krismasi ya 2024 ndege ya Azerbaijan iliyokuwa ikienda Grozny ilijeruhiwa angani, ikavuka Bahari ya Kaspi kwa taabu na kuanguka karibu na Aktau. Walikufa 38 kati ya 67, na rais wa Urusi aliomba radhi kwa "tukio la kuhuzunisha". Tukio ni neno zuri sana. Harusi ni tukio, mvua ni tukio.

Za kwetu Afrika hazikupata hata maneno hayo. Agosti 1986 Fokker ya Sudan Airways ilipigwa kombora la begani na wapiganaji wa SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan, mara baada ya kuruka kutoka Malakal, wakafa wote 60. Oktoba 1998 Boeing 727 ya Kongo ilitunguliwa na waasi ilipokuwa ikiondoka Kindu, wakafa 41, waasi wakidai kuwa ilibeba askari. Kindu ni mji wa Maniema, na sokoni kwake watu hununua muhogo kwa Kiswahili. Ina maana kwamba baadhi ya waliokuwa ndani ya ndege ile waliomba dua, kama walipata nafasi, kwa lugha hii ninayoiandika sasa. Hakuna aliyeikusanya ile Boeing na kuiunda upya juu ya kiunzi. Huko Vijfhuizen, si mbali na Schiphol, imepandwa miti 298, mmoja kwa kila mtu. Siwaonei wivu Waholanzi miti yao. Waliipata kwa kukataa kunyamaza. Lakini nikiitazama picha ya ile miti huiona na ardhi tupu ya Kindu.

Halafu ikaja ya kwetu. Jumatatu ya tarehe 4 Mei 2020 ilikuwa tena Ramadhani, na Nairobi ilikuwa ya korona: kafyu kuanzia saa moja jioni, misikiti imefungwa, tarawehe tunaziswali sebuleni, na South C kimya, kwa maana safari za abiria zilikuwa zimesimamishwa na zilizoruka zilikuwa chache za mizigo. Ndipo mama alipoanza kunyanyua uso kila aliposikia mngurumo. Siku hiyo Embraer 120 ya shirika la Kenya, African Express Airways, ilikuwa imetoka Mogadishu, ikapitia Baidoa, na ilikuwa ikijiandaa kutua katika kiwanja cha udongo cha Berdale, jimbo la Bay, ikiwa na vifaa vya tiba vya kupambana na korona. Askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda kambi yao pale, ambao hawakuwa chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, waliifyatulia risasi. Walikufa watu sita, na marubani wote wawili walikuwa Wakenya. Haikuwa ndege ya abiria, najua, lakini ilikuwa ya raia, na ilikuwa na dawa.

Maelezo ya jeshi la Ethiopia yalikuja baada ya siku kadhaa: askari hawakuwa wamearifiwa juu ya safari ile, na kwa vile ndege iliruka chini chini, waliidhania kuwa inakuja kujilipua. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa ndege Wilson, na katika safari za Somalia na Sudan Kusini mara nyingi fundi hupanda pamoja na ndege kwa sababu ikiharibika huko hakuna wa kuitengeneza. Tulikuwa tumeketi mezani na gazeti limekunjuliwa, naye akaisoma ile habari ya kuruka chini mara ya pili kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma hundi yenye kasoro.

"Ndege inayotua," alisema, "itaruka wapi kama si chini?"

Akatueleza jinsi kazi ile inavyofanyika. Kiwanja cha namna ile hakina mnara wa kuongozea ndege. Rubani hukizunguka kwanza, akatazama kama kuna mbuzi au punda katikati, akatazama upepo unavuma upande gani kwa kuangalia moshi au shuka iliyofungwa kwenye mti, ndipo akajipanga. Kumjulisha aliye chini kwamba unakuja ni kazi ya simu: mwenye mzigo ampigie mtu wake, mtu wake amwambie mkubwa wa kambi, mkubwa wa kambi amwambie aliyeshika bunduki. Ikikatika pete moja ya mnyororo huo, aliyeshika bunduki huona kitu kikubwa kinamjia. Shemeji hakumlaani yule askari. Alichouliza ni nani aliyepaswa kupiga simu, na swali hilo sijaona popote likijibiwa kwa jina la mtu.

Niligundua usiku ule kwamba Hrabove na Berdale ni habari moja. Kwa upande mmoja kuna ripoti ya mamia ya kurasa, mtambo wa Buk na majaji. Kwa upande mwingine kuna kiwanja cha vumbi na barua ya kijeshi. Lakini katika zote mbili kuna mtu aliyefyatua na kuna mwingine ambaye alikuwa na neno la kusema mapema akalinyamazia, na yule aliyekuwa juu peke yake ndiye asiyejua kwamba kulikuwa na neno. Abiria wa MH17 walijua wanakwenda wapi. Wanapita wapi, ilijulikana ofisini.

Dada yangu hakuwa na nadharia yoyote juu ya jambo hilo, ila aliweka sheria ya nyumba. Zamani mumewe alipoaga alikuwa akimwuliza, "Baba Salim, unakwenda wapi?" Tangu Mei ile humwuliza, "Unapita wapi?" na hapokei jibu la mdomo. Shemeji huandika kwenye kikaratasi majina ya vituo vyote kwa mpangilio, na kando ya kila jina huandika saa anayotarajia kutua, kwa saa zetu za Kiswahili ili mama asichanganyikiwe, kisha hukibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye picha ya Fort Jesus. Akitua kila kituo hutuma ujumbe wa neno moja, "Tumefika," na dada hukipigia mstari kile kituo kwa kalamu nyekundu. Karatasi zilizokamilika hazitupwi. Zimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na mara ya mwisho nilipolifungua zilikuwa zimejaa hata kifuniko hakishiki.

Juzi Jumanne nilipitia pale kunywa chai ya jioni, nikakuta karatasi mpya ya safari ya Alhamisi. Wilson, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lokichoggio, saa mbili. Juba, saa nne. Chini kabisa, kwa mwandiko uleule wa herufi kubwa, Malakal, saa saba na robo. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na birika mkononi. Aliniuliza Malakal ni wapi, kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa nyumba. Nikamwambia ni mji wa Sudan Kusini, uko kando ya mto Nile. Akauliza kama ni pazuri. Nikasema mto ni mkubwa sana pale, nikanyoosha kikombe animiminie chai.